Kichwa au Kombo: Nani Atabeba?

Ukitaka kuona kikundi cha muziki kikigawanyika pande mbili, kipe pesa ya amplifaya moja tu. Upande mmoja watasema tununue kombo. Upande wa pili watasema hapana, kombo ni ya wanaojifunza, bendi ya kweli inapiga kwa kichwa na boksi lake. Kituo chetu cha vijana kiko katikati ya mabishano hayo sasa hivi. Fomu ya maombi ya vifaa ina mstari mmoja wa amplifaya ya gita, na mstari huo lazima ujazwe kabla ya mwisho wa mwezi. Wanaoisubiri ni wengi: bendi ya vijana, kwaya mbili, na darasa la gita la Jumamosi. Tukichagua vibaya, fomu nyingine ni mpaka mwaka kesho.

Mimi ndiye nimepewa kazi ya kuandika sababu chini ya huo mstari. Kabla sijaandika, nimetafuta historia ya vyombo hivi viwili, maana vijana wanavibishania kwa picha walizoona kwenye simu, na picha hazisemi kwa nini kitu kilitengenezwa. Nilichokuta ni hiki: kichwa hakikuzaliwa kwa sababu kombo ilikuwa na sauti mbaya. Kilizaliwa kwa sababu watu ukumbini waliongezeka, na umbo lake la mwisho liliamuliwa na migongo ya watu waliokuwa wanabeba.

Kwanza nieleze kwa wasiopiga gita. Gita la umeme lenyewe halisikiki mbali. Ndani yake kuna sumaku zilizozungushiwa waya, na nyuzi zikitikisika juu yake zinatoa umeme mdogo sana. Umeme huo unakwenda kwenye amplifaya ili ukuzwe, halafu unapelekwa kwenye spika ili ugeuke kuwa sauti. Kombo ni boksi moja lenye vyote viwili, amplifaya na spika. (Jina lisimtishe mtu, hapa hakuna kinachokwenda kombo.) Kichwa ni amplifaya peke yake. Spika zinakaa kwenye boksi lingine, na vitu viwili hivyo vinaunganishwa kwa waya. Kichwa bila boksi hakipigi hata noti moja. Tena kama ni cha valvu, zile taa za kioo kama za redio za wazee wetu, ukikiwasha na kukipiga bila spika unaweza kukiunguza.

Mwanzo ulikuwa kombo. Miaka ya 1930, Marekani, magita ya kwanza ya umeme yalikuwa yale ya kulaza magotini, ya muziki wa Hawaii, na yaliuzwa pamoja na kiboksi kidogo chenye mshikio juu kama sanduku la safari. Ndani mlikuwa na valvu chache na spika moja. Kilitosha, maana mpigaji alitaka tu asizidiwe na tarumbeta.

Leo Fender, mtu ambaye jina lake liko kwenye magita mengi mpaka leo, hakuwa mpiga gita. Alikuwa fundi redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mwaka 1938 katika mji wa Fullerton, California, na wanamuziki walimletea amplifaya zao zilizoharibika. Kwa kuzitengeneza alijua zinakufa wapi. Mwaka 1946 alianzisha kampuni yake. Amplifaya zake nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa kombo. Moja iliitwa Bassman, iliyotolewa mwaka 1952 kwa ajili ya gita la besi. Ile ya mwisho wa miaka ya 1950 ilikuwa na spika 4 za inchi 10 na nguvu ya wati 45 hivi, na wapiga solo waliipenda kuliko wapiga besi wenyewe. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Halafu watu wakawa wengi. Kule California kijana mmoja, Dick Dale, alikuwa anajaza ukumbi wa Rendezvous pale Balboa, pwani, maelfu ya vijana wakicheza. Ukumbi uliojaa unameza sauti, kwa sababu miili na nguo za watu zinainyonya. Dick Dale akawa anafungulia amplifaya mpaka mwisho, spika zinapasuka, anarudi kwa Fender kuchukua nyingine, nazo zinapasuka. Jibu la Fender lilikuwa amplifaya kubwa zaidi, Showman, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na spika nene ya inchi 15 iliyotengenezwa na kampuni ya JBL. Hapo ndipo Fender alipotenga kichwa na boksi.

Kwa nini atenge? Ziko sababu tatu za kawaida kabisa. Ya kwanza ni uzito: transfoma kubwa na spika kubwa ndani ya boksi moja, nani ataliinua? Ya pili ni mtikisiko. Kwenye kombo, spika inatikisa valvu usiku mzima, na kadiri sauti inavyokuwa kubwa ndivyo valvu zinavyoteseka. Ya tatu ni boksi lenyewe. Kombo nyingi ziko wazi nyuma, sauti inatoka mbele na nyuma, kwa hiyo hata mpiga ngoma aliye nyuma yako anakusikia. Boksi la kichwa mara nyingi limefungwa pande zote, linasukuma sauti mbele, kwa watu.

Uingereza walifika hapohapo kwa njia yao. Kampuni ya Vox, ya Tom Jennings, iliyokuwa Dartford, ilikuwa na fundi anaitwa Dick Denney. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitoa kombo ya AC30: wati 30, spika 2 za inchi 12. Kundi la The Shadows waliitumia, kisha The Beatles. Lakini mashabiki wa Beatles walikuwa wanapiga kelele kuliko amplifaya. Vox wakatengeneza ya wati 50, halafu ya wati 100, safari hii kichwa mbali na boksi mbali, na maboksi makubwa wakayawekea fremu ya chuma yenye magurudumu. Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, na amplifaya hizo za wati 100. Wao wenyewe hawakuweza kujisikia vizuri. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, waliacha kufanya ziara.

Hapa kuna hesabu ambayo vijana wangu hawaipendi. Wati mara mbili siyo sauti mara mbili. Ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio linaligundua lakini si kubwa. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Yaani kutoka wati 30 za kombo mpaka wati 100 za kichwa, umelipa pesa nyingi, umebeba uzito mwingi, na hata huo ukubwa mara mbili hujaupata.

Sasa tuje kwa Jim Marshall, maana picha nyingi za kwenye simu zina jina lake. Alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, akafungua duka la vyombo vya muziki mtaa wa Hanwell, magharibi ya London, mwaka 1960. Vijana wapiga gita, mmoja wao Pete Townshend wa kundi la The Who, walikuwa wanakuja dukani kulalamika: amplifaya wanayotaka inatoka Marekani, na bei yake haishikiki. Marshall na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, wakachukua ile Bassman ya Fender wakaitumia kama mfano. Mwaka 1962 yao ya kwanza ilikuwa tayari.

Angalia walichofanya, kwa sababu fundi yeyote wa hapa kambini atakielewa. Hawakuagiza vipuri vyote Marekani. Walitumia vilivyopatikana Uingereza. Spika walichukua za Celestion, za kwao hukohuko. Lakini spika moja ya inchi 12 ya wakati ule ilivumilia wati 15 tu hivi. Mbili ni wati 30, na amplifaya inatoa 45, kwa hiyo ziliungua. Wakaweka 4 ndani ya boksi moja lililofungwa, na kichwa kikakaa juu yake. Lile boksi la spika 4 ambalo leo linaonekana kama alama ya ukubwa, lilitokana na spika dhaifu. Na ile sauti nzito iliyowapa jina kubwa ilitokana na vipuri vya karibu.

Mwaka 1965 Townshend alirudi. Alitaka nguvu zaidi, wakamtengenezea wati 100. Akataka pia boksi moja la spika 8. Marshall mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimwonya: wabebaji wako watalalamika. Townshend akasisitiza, akapewa. Hazikupita wiki nyingi akarudi: wabebaji wamechoka, nikatie boksi hili katikati. Ndiyo yakapatikana maboksi mawili ya spika 4 yanayopandishwa moja juu ya jingine, na kichwa juu kabisa. Huo ukuta mweusi ambao kila kijana anautaka nyuma yake kwenye picha ni malalamiko ya wabebaji yaliyogeuzwa mbao. Majina ya wabebaji hao sikuyakuta popote.

Na wakati Townshend anataka ukuta, dukani hapohapo inasimuliwa kwamba Eric Clapton aliomba kinyume: amplifaya ya Marshall inayoingia kwenye buti ya gari. Wakamtengenezea kombo yenye spika 2 za inchi 12. Iliitwa modeli 1962, na hiyo ni namba tu, si mwaka. Clapton aliitumia kwenye albamu aliyorekodi na John Mayall, iliyotoka mwaka 1966, na mpaka leo wapiga gita wengi wanaiona sauti ile kama shule. Kwa hiyo anayesema kombo ni ya watoto, amjibu Clapton kwanza.

Baada ya hapo lilitokea jambo ambalo picha hazionyeshi. Mpaka katikati ya miaka ya 1960, mitambo ya ukumbi ilikuwa ya mwimbaji tu, tena dhaifu. Mpiga gita alilazimika kuwafikia watu wa nyuma kwa amplifaya yake mwenyewe. Ndiyo maana alihitaji mnyama mkubwa. Mwaka 1967, kwenye tamasha la jazi na bluzi la Windsor, Uingereza, Charlie Watkins wa kampuni ya WEM alileta mitambo ya wati 1,000 kwa ajili ya jukwaa zima. Miaka iliyofuata ikawa kawaida: unaweka maiki mbele ya spika ya gita, sauti inakwenda kwenye miksa, miksa inapeleka kwenye spika kubwa za ukumbi. Kuanzia hapo kombo ndogo iliweza kufika mwisho wa uwanja. Sababu ya ule ukuta ilikuwa imekwisha, lakini ukuta wenyewe ulibaki kwenye majukwaa kwa sababu unapendeza.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema hizi ni habari za Wazungu. Sivyo. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Leopoldville kufanya kazi na studio ya CEFA, na anatajwa kuwa ndiye aliyeleta pale gita la umeme la kwanza. Wapiga gita wa Kongo walilichukua wakaligeuza kuwa lao, na muziki wao ukavuka mipaka kabla yetu sisi. Na swali la kusikika walilijibu pia bila duka la Hanwell. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha kundi la Konono No. 1 pale Kinshasa, alipiga likembe, chombo cha kushika mkononi ambacho kelele za mtaa zinakizika. Akatengeneza maiki kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, akaunganisha na amplifaya na vipaza sauti vya kengele, vile vya matangazo. Mkwaruzo uliotoka humo haukupangwa. Ndio ulioipeleka bendi yake mpaka majukwaa ya Ulaya na Marekani.

Tanzania nako kuna somo, na hili ni la nani mwenye vyombo. Kwenye muziki wa dansi, bendi nyingi hazikumiliki magita wala amplifaya. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Jina hilo la Matimila lilikuwa la mfanyabiashara aliyemiliki vyombo vya bendi. Watu walikuja kumsikia Remmy, lakini jina la bendi lilikuwa la mwenye vyombo. Mwanamuziki asiye na amplifaya anaweza kusimamishwa kazi kwa kufungiwa stoo tu.

Basi nirudi kwenye fomu yetu, nikiwa na maswali ambayo historia imenipa.

Watu ni wangapi? Ukumbi wa kituo unaingiza watu 200 wakibanana. Kanisani ni zaidi, lakini kanisa lina miksa na spika zake. Siku ya Wakimbizi Duniani, uwanjani, mitambo inaletwa na waandaaji. Hakuna siku ambayo gita letu litahitaji kufika mbali kwa nguvu zake peke yake.

Umeme unatoka wapi? Tuna sola na inveta, na jenereta kwa saa chache. Amplifaya ya valvu ya wati 30 inakula zaidi ya wati 100 hata mpigaji akiwa kimya, kwa sababu valvu lazima zipashwe moto muda wote. Ya transista inakula kidogo ikiwa kimya. Valvu zikifa, hapa sokoni hakuna. Transista na fyuzi fundi wetu wa redio anazipata.

Nani atabeba? Hili nalisema kwa madumu, kipimo tunachokijua wote. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Kichwa cha valvu cha wati 100 ni kama dumu moja. Boksi la spika 4 linakaribia madumu mawili. Kombo ya AC30 ni dumu moja na nusu. Kombo nyingi za transista za wati 50 hazifiki dumu moja. Kutoka kituoni mpaka kanisa la juu ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu, na mvua ikinyesha baiskeli haipiti.

Wanaotaka kichwa wana hoja moja ya kweli, na sitaificha. Kikiharibika kimoja, kingine kinabaki. Boksi likipasuka spika, kichwa kinaweza kupelekwa kwenye boksi la kuazima. Kombo ikiharibika, yote inakwenda kwa fundi. Pia watu wawili wanaweza kugawana mzigo. Lakini hoja hiyo inahitaji boksi la pili liwepo mahali fulani, lenye omu zinazolingana na kichwa, na waya wa spika wenyewe, siyo waya wa gita. Najua kituo kimoja kilicholetewa kichwa kizuri bila boksi, kwa sababu aliyeagiza aliona bei ya kichwa akadhani ndiyo bei ya yote. Mpaka leo kiko stoo, kimefunikwa kitambaa.

Kwa hiyo nimeandika kombo: ya transista, wati 50 hadi 100, spika moja ya inchi 12, yenye tundu la kupeleka sauti kwenye miksa na tundu la spika ya nje. Tundu hilo la pili nimelipigia mstari. Siku tukipata boksi la spika, hata la kuchongwa na maseremala wetu, kombo hiyohiyo itafanya kazi ya kichwa. Nimeongeza vitu vitatu vidogo ambavyo fomu huwa zinasahau: fyuzi za akiba, turubai la kufunikia, na toroli.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: mkiona ombi la chombo cha muziki, msiulize bei peke yake. Ulizeni kitawashwa kwa umeme gani, kitabebwa na nani, kitatengenezwa na fundi yupi, na kitaandikwa kwa jina la nani. Kwenye fomu yetu nimeomba kiandikwe kwa jina la kikundi, na daftari la kukitoa likae kwa vijana, siyo kwenye ofisi inayofungwa saa 10 jioni wakati mazoezi ndiyo yanaanza.

Kura ni Jumamosi. Nimewaambia kila anayepigia kura kichwa na boksi aje na madumu matatu yaliyojaa, na mwenzake wa kumsaidia, tutembee nayo mpaka kanisa la juu kwanza. Tukifika, nitahesabu mikono.